Dakika Mia Moja na Tano

Jumanne, 4 Februari

Dada,

Fundi anayenishonea nguo hununua vitambaa kwenye duka lile lililo chini ya ofisi yenu. Kila wiki kifurushi kinakuja na kingine kinarudi. Ukinijibu, barua mpe mwenye duka, aiweke katikati ya jora. Usinipigie simu. Sina simu tena. Mume wangu, huyu wanayemwita Kamanda, aliiweka juu ya kizingiti akaipiga nyundo, kisha akanipa ufagio nifagie vipande.

Nitakueleza moja tu, mengine yanafanana nalo. Jumapili iliyopita alikuta mkunjo kwenye kola ya shati lake. Hakupiga kelele. Alichomeka pasi ya umeme ukutani, akavuta kiti, akakaa akiisubiri ipate moto. Alikuwa akinisimulia habari za kazini, walinzi wawili wa kampuni yake walikutwa wamelala zamuni. Taa ya pasi ilipozimika akasema, "Geuka." Nikageuka, Dada. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mgongo. Niligeuka mwenyewe.

Mlinzi wa getini kwetu alinifungulia siku moja nikanunue dawa ya kidonda. Alipigwa kwa waya uani, mbele yangu na mbele ya walinzi wenzake, hadi akajikojolea. Sasa hafungui. Hata simlaumu.

Nisikilize sasa. Mama mkwe wangu ana mtoto wa jicho macho yote mawili, haoni zaidi ya kivuli. Amepata nafasi ya upasuaji kwenye hospitali ya macho katika mji ule mkubwa ambako ndege zote hupitia, tarehe 16 Machi; tunasafiri siku moja kabla. Kamanda ana zabuni wiki hiyo, hawezi kusafiri. Kwa hiyo nitampeleka mimi. Tiketi za kwenda na kurudi amekwisha kununua. Mdogo wake Kamanda anaishi huko, atatupokea mlangoni, na amri aliyopewa ni kwamba asiniache hata chooni. Pasipoti nitapewa asubuhi ya safari.

Ile ndege inatua pale saa sita na dakika kumi mchana. Kutoka pale hadi nyumbani ni saa tatu za angani. Wewe ndiye mkata tiketi katika familia yetu. Nitafutie njia.

Wako,
Kitinda


Jumanne, 11 Februari

Kitinda mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako chooni, hapo ndipo pekee ofisini pasipo na mteja. Nimetapika, nimenawa uso, nimerudi mezani nikamkatia bwana mmoja tiketi ya fungate. Ndiyo kazi.

Haya, tuache kilio, tufanye hesabu ya saa.

Kwanza, siwezi kukuunganishia safari kwenye tiketi ile aliyoinunua yeye. Ningeweza kuomba tiketi moja mpya inayokuleta mpaka huku, na hiyo ndiyo salama kwa msafiri wa kawaida: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika linakutafutia nyingine. Lakini tiketi moja maana yake jina la mji wetu litatokea kwenye kompyuta ya binti wa kupokea abiria huko uwanjani kwenu. Na nyuma ya yule binti husimama nani? Walinzi wa mumeo, kampuni yake ndiyo inayolinda uwanja. Kwa hiyo tunatumia tiketi mbili mbalimbali, mashirika mawili mbalimbali. Huko wataona mgonjwa na mkwewe wanakwenda hospitali, basi.

Ubaya wake ni huu. Tiketi mbili zisizojuana ni kama wake wenza, mmoja akichelewa mwenzake hamwekei chakula. Ukiikosa ile ya pili, imekwenda, hakuna wa kukupa pole.

Kutoka pale kuja huku kuna ndege tatu baada ya wewe kutua. Ya kwanza ni saa nane kasoro tano mchana, yaani dakika mia moja na tano. Ya pili ni saa kumi na nusu. Ya tatu ni kesho yake. Mteja wangu yeyote ningempa ya pili. Ningemwambia acha saa tatu, nne, kunywa chai, tembea. Wewe huna saa nne. Shemeji yako atasubiri mlangoni nusu saa. Baada ya hapo ataanza kuuliza, na ikifika saa nzima atapiga simu kwa kaka yake, na Kamanda ana marafiki wa kazi katika kila uwanja wa ndege. Ukingoja hadi saa kumi na nusu utakuta mtu amekaa kwenye geti lako. Kwa hiyo nimekata ile ya saa nane kasoro tano. Tiketi itaandika 13:55, usibabaike.

Mambo ya kushika:

Usipakie mzigo. Mkoba mmoja wa mkononi, mwepesi, wasije wakakwambia uushushe chini. Mzigo ukishuka utatokea kule nje alikosimama shemeji yako.

Ukishuka usifuate umati unaokwenda kugongewa mihuri. Fuata mshale wa wasafiri wa kupita. Kuna ukaguzi mmoja wa mikoba, kisha dawati litakalokuchapia kadi ya kupandia ndege. Geti linafungwa dakika ishirini kabla. Namba ya tiketi nimeiandika kwenye karatasi hii nyembamba, fundi aishone ndani ya pindo la gauni la safari.

La mwisho ni yule bibi. Ameombewa kiti cha magurudumu, na wenye viti hivyo hushushwa mwisho, ndege ikishakuwa tupu. Hizo ni dakika ishirini ambazo huna. Mwambie unakwenda msalani, umwache. Najua ni mzee, najua haoni. Lakini yule ni mlinzi wa mwanawe kama wale wa getini, tofauti yake ni kwamba hana sare. Mama gani amewahi kumwacha mwanawe kwa ajili ya mkwe? Usimwambie neno.

Dada yako


Jumatano, 19 Februari

Dada,

Nimepata karatasi ya namba. Nimekariri: mshale, mikoba, dawati, geti. Nayasema nikiosha vyombo, kama mtoto anayejifunza sala.

Usishangae mwandiko kulala. Mlango ulinibana vidole viwili vya mkono wa kulia, naandika na vitatu. Si kitu.

Ulivyosema kuhusu mama mkwe ni kweli, tena zaidi. Jana mezani Kamanda alibadili mawazo. Alikuwa amekasirika, zabuni imeingia mtu mwingine. Akasema, "Safari hiyo mtakwenda mwezi wa sita." Mama mkwe akaendelea kutafuna. Halafu akasema, "Mwezi wa sita nitakuwa nimekufa na wewe utakuwa umezika kipofu. Nakwenda tarehe kumi na tano."

"Basi utakwenda na mjakazi."

"Mjakazi haniogeshi. Huyu ndiye ameshazoea mwili wangu. Nisipokwenda na huyu siendi."

Kamanda alichukua sahani yake akaipiga ukutani, juu kidogo ya kichwa cha mama yake. Vigae vilimwingia kwenye nywele. Bibi hakutikisika. Akapapasa, akatoa kimoja baada ya kingine, akaviweka mezani kwa safu. Mwishowe Kamanda akasema sawa, nenda naye.

Kwa hiyo nakwenda, Dada, ila nakwenda kama taulo lake la kuogea. Miaka minne nimemwogesha huyu mama. Anayapapasa makovu yangu kwa vidole vyake na hajawahi kusema hata "pole." Siku ile ya pasi alikuwa chumba cha pili, mlango wazi, na redio hakuifungua. Nitamwacha kwenye kiti chake wala sitageuka nyuma.

Kitinda


Jumatatu, 24 Februari

Shemeji mpendwa,

Natumai hujambo na kazi zinaendelea vizuri. Sisi huku ni wazima, ila mdogo wako amekuwa mzembe siku hizi, hujigonga huku na huku, mara mlango mara ngazi. Nimemshauri apumzike. Ndiyo maana hapigi simu, usije ukadhani ametususia.

Nilipita mjini kwenu mwezi uliopita kwa shughuli zangu. Nilitaka nikusalimie ghafla, nikakuta mmeenda chakula cha mchana. Ofisi yenu ni nzuri, lakini zile ngazi za mbao za kupandia zinanitia wasiwasi. Zimekauka sana. Mtu akidondosha kiberiti pale, ninyi mlio juu mnashukia wapi? Mwambie mwenye jengo. Mimi kazi yangu ni usalama, huona vitu hivi.

Nakushukuru daima kwa siku ile uliponirudishia mke wangu. Wewe ni mwanamke mwenye kujua ndoa ni nini. Nina hakika hata leo akija kwako na maneno ya kitoto, utanirudishia vilevile.

Nakutakia kila la heri.
Shemeji yako,
Kamanda


Jumamosi, 8 Machi

Kwa dada wa mteja wangu,

Hatujuani. Mimi ni yule fundi cherehani. Naandika kwa mkono wa kushoto, naomba usicheke, shuleni nilichapwa nisiutumie na leo ndio umebaki.

Tafadhali usiweke tena barua kwenye jora. Alhamisi saa tano asubuhi Kamanda alikuja dukani na walinzi wawili. Aliuliza kwa upole kwa nini nguo za mkewe zinakuja kwangu kila wiki. Akafumua magauni mawili kwa wembe mbele yangu. Bahati hakulipata lile la safari, nilikuwa nimelivaa mimi mwenyewe ndani ya koti langu, na ndiyo maana nilikuwa natoka jasho. Kisha akauweka mkono wangu wa kulia chini ya sindano ya cherehani, akaushika, akamwambia mlinzi wake, "Kanyaga." Kijana akasita. Akamwambia, "Kanyaga au uweke wako." Basi akakanyaga, akilia.

Nilimwambia mkewe anapungua mwili, kila wiki lazima nimpunguzie nguo. Hilo nililisema mara nyingi, nadhani mara kumi na moja, nilihesabu ili nisiseme jingine. Mwisho aliamini kwa sababu ni kweli. Anapungua.

Gauni la safari alilifuata mama mzee jana, akiongozwa na mjakazi. Nimelitoa. Karatasi yako imo ndani.

Kitu kimoja zaidi, mama, kwa sababu nadhani hajakwambia. Vidole vyake havikubanwa na mlango. Mumewe aliviweka kwenye mlango wa gari akaufunga. Nilipompima mikono niliona, nikamuuliza, akaniambia.

Wako katika ushonaji,
Fundi


Jumatano, 12 Machi

Kitinda,

Hii barua haina pa kwenda. Nimeiandika kwa sababu nikikaa kimya nitapiga yowe hapa hapa kaunta.

Leo asubuhi nimefungua kompyuta kuangalia ndege yako. Wamebadilisha ratiba. Inaondoka dakika thelathini na tano baadaye, kwa hiyo utatua saa saba kasoro robo. Dakika zako mia moja na tano zimebaki sabini, na geti linafungwa kabla, kwa hiyo ni hamsini. Nimejaribu kukusogeza kwenye ile ya saa kumi na nusu, imejaa. Nimeangalia kupitia miji mingine miwili, hakuna. Na hata ningepata, ningekwambia kwa njia gani? Mkono wa yule baba wa watu umetobolewa kwa ajili ya karatasi zangu.

Umenificha vidole. Na mimi kuna jambo sijawahi kulikiri kwako, ingawa wewe umelijua miaka yote na hukunitajia hata mara moja. Mwaka ule wa kwanza ulipokuja kwangu na jicho limevimba, nilikupikia, nikakukanda, nikakupa yale maneno ya mama zetu: vumilia, ndoa ni ngumu, mwanamume hutulia akizeeka. Halafu nilikaa kwenye kiti hiki hiki nikakukatia tiketi ya kurudi. Tena nilichagua ndege ya asubuhi ufike kabla hajatoka kazini. Niliona nimefanya jambo la busara. Uliiweka tiketi kwenye mkoba wako ukasema, "Asante, Dada." Miaka sita imepita na bado nalisikia lile neno.

Nimeisoma barua ya mumeo tena. Sijui kama anajua kitu au anapapasa tu gizani. Nimenunua ndoo mbili za mchanga nimeziweka kwenye ngazi. Ofisini wananicheka.

Kimbia, mdogo wangu. Ukisikia tu milango ya ndege imefunguliwa, kimbia.

Dada yako


Jumamosi, 22 Machi

Mama,

Naandika kwa anwani ya hospitali, nikitumaini bado uko hapo na kwamba kuna muuguzi mwenye roho nzuri wa kukusomea.

Nimefika. Hilo ndilo la kwanza. Niko kwa dada yangu, nimelazwa kwenye kitanda chake na yeye analala sakafuni mlangoni na panga. Nimemwambia aliweke, hataki.

Sijui nikuombe radhi au nikushukuru, kwa hiyo nitakueleza tu dada yangu alivyosikia kwangu, unisahihishe nilipokosea.

Ndege ilichelewa kuondoka, kisha ilipotua ikasimamishwa kiwanjani robo saa nzima. Ilikuwa saa saba kamili. Mimi nilikuwa nikijikaza nisitazame saa. Nilikuambia, "Mama, naenda msalani, wewe subiri watu wa kiti." Ukanishika mkono, ule wenye vidole vibovu, ukaubana mpaka nikaona nyota. Nikasema moyoni, basi, nimekamatwa.

Ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Geti lako linafungwa saa ngapi?"

Nikavuta mkono. Ukasema, "Nimepofuka macho, masikio sikuyaziba. Miaka minne unaniogesha. Mwezi huu nguo zako zinalia karatasi kila ukiinama. Saa ngapi?"

"Saa nane kasoro dakika ishirini na tano."

Basi ukasimama, mama, wewe ambaye hunyanyuki bila watu wawili, ukajifunika kinywa na ukapiga ukelele, "Nipisheni! Natapika! Nipisheni!" Jinsi watu walivyojibana! Yule bwana wa suti alipanda juu ya kiti. Tulifika mlangoni wa kwanza. Kijana wa kiti cha magurudumu alikuwa na karatasi ya kukupeleka nje. Ukamwambia, "Karatasi yako imekosea. Huyu anakwenda na ndege nyingine na mimi siachani naye mpaka aingie. Sukuma." Akasema, "Bibi, siruhusiwi." Ukasema, "Basi nitatapika hapa." Akasukuma.

Foleni ya ukaguzi ilikuwa na watu mia. Walitupitisha mbele kwa sababu ya kiti chako. Kwenye dawati pia. Peke yangu nisingefika, Mama. Dada yangu, anayejua ndege kuliko wenye ndege, amehesabu mara tatu kwenye karatasi, na kila mara inatoka kwamba nisingefika.

Walikuwa wamekwisha kushika mlango. Nikakuambia twende wote. Ukasema, "Tukienda wote atatufuata wote. Nitatoka nje nikawape la kufanya." Ukanisukuma mgongoni, pale pale penye kidonda, nikalia kwa maumivu, nikaingia ndani nikilia, na watu wakadhani nalilia kuachana.

Tafadhali niambie kulitokea nini. Kamanda hajatokea huku, hajapiga simu wala hajaandika. Kimya hiki kinatutisha kuliko makelele. Niambie pia kwa nini miaka yote ile hukusema neno.

Mkweo,
Kitinda


Jumapili, 6 Aprili

Mwanangu,

Anayeandika ni muuguzi wa zamu ya mchana. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwapisha asipambe.

Barua yako nimesomewa mara nne. Umesema kweli yote isipokuwa moja. Yule bwana hakupanda kiti kwa ajili ya matapishi, nilimkanyaga.

Ulipoingia nilimwambia kijana anirudishe taratibu sana, kwanza chooni. Nilikaa humo dakika arobaini. Nilipotoka nje mwanangu mdogo alikuwa amekwisha kuvimba. "Mke wa kaka yuko wapi?" Nikasema yuko chooni, tumbo limemchafuka. Akasimama hapo. Baada ya saa nzima nikasema labda amekwenda kutafuta dawa. Kisha nikasema nimesahau dawa zangu ndani, awaombe wenye mihuri wanirudishe. Nilipohesabu moyoni kwamba uko juu ya mawingu, nikamwambia mpigie kaka yako, mwambie mkewe ameondoka na mimi ndiye niliyemwondosha. Nilitaka alisikie kutoka kwangu, asije akaenda kumtafuta yule fundi tena.

Nilipasuliwa kesho yake, jicho la kulia. Kamanda alifika Jumatatu. Daktari alikuwa ametoka kuniondolea bandeji, akasema, "Tazama pole pole, mama, usiharakishe." Nilikuwa natazama shuka. Nilikuwa nimesahau kwamba weupe una rangi nyingi ndani yake. Mlango ukafunguliwa akaingia mtu.

Mwanangu, nilikuwa sijamwona mtoto wangu kwa miaka minne. Kichwani mwangu alikuwa bado na sura ile aliyokuwa nayo macho yangu yalipoanza kuchafuka, na ukiyasikia matendo yake bila kumwona unaweza kujidanganya kwamba ni mtu mwingine ndiye anayeyatenda. Siku ile nilimwona. Alichukua ule mti wa chuma wa kutundikia dripu. Nilimtazama usoni tangu pigo la kwanza. Mkono umevunjika mahali pawili, na mbavu, na taya hili linalofanya muuguzi aniulize kila neno mara mbili. Jicho hakulipata. Nililifunika kwa mkono, ndio huo uliovunjika.

Alikuwa na sura ya baba yake. Ile ile, hata mdomo unavyokaa. Baba yake alinipiga miaka ishirini na mbili na yeye akiwa mtoto alikaa chini ya meza akitazama, na mimi nikimwambia, "Nyamaza, ni mambo ya wakubwa." Umeniuliza kwa nini sikusema neno. Nilimfundisha yeye kunyamaza hadi nikasahau kusema. Ulipokuwa ukiniogesha niliyahesabu makovu yako, na kila moja nilijua chombo kilicholiweka, kwa sababu nami ninayo kama hayo. Kusema "pole" niliona ni kukutukana. Sijitetei. Naeleza tu.

Wauguzi watatu walimrukia, mmoja akamng'ata. Ndiye huyu anayeandika, amecheka. Huku hana walinzi, wala hakuna anayemwita Kamanda. Polisi walimfunga pingu kama mwizi wa kuku.

Ijumaa nilipelekwa mahakamani kwenye kiti cha magurudumu. Wakili wake ni mtu wa maneno matamu. Alisema, "Mheshimiwa, huyu ni mama mzee, kipofu, ana uchungu wa kukimbiwa na mkwewe. Alipigwa, ndiyo, tunasikitika, lakini amejuaje ni nani aliyempiga? Vyeti vya hospitali vinasema haoni." Watu wakanong'ona. Mdogo wake alikuwa amekaa nyuma. Wifi zako walikuwa wamesafiri kuja, wakaniangalia kwa jicho la "mama, fikiri." Na yeye alikuwa kizimbani, ameinamisha kichwa, amenyoa vizuri. Nilimzaa siku mbili na nusu, mwanangu. Alitanguliza miguu.

Hakimu akasema, "Mama, aliyekutenda hivi yumo humu ndani?"

Nikasema yumo.

"Unaweza kutuonyesha?"

Nikaunyoosha ule mkono mzima. Akainua kichwa akanitazama, na nikamtazama.

"Ni nani wako?" hakimu akauliza.

Nikasema, "Ni mwanangu," na sikuushusha mkono mpaka karani alipomaliza kuandika.

Mama